Mpanda ngazi hushuka: mwongozo kamili wa kupiga wili kwa pikipiki ya spoti

Wanaonijia na swali la wili, yaani kuendesha tairi la mbele likiwa juu, ni makundi mawili. Kundi la kwanza tairi la mbele haliwapandii kabisa, au linapanda kiganja kimoja na kurudi chini kwa kishindo. Kundi la pili tairi lilipanda, likazidi kupanda, pikipiki ikaenda zake na wao wakabaki chali juu ya lami. Kila nikiwauliza mguu wa kulia ulikuwa wapi wakati huo, jibu halibadiliki: ulikuwa kwenye kikanyagio, pale mguu unapopumzikia. Haukuwa juu ya breki.

Kosa la makundi yote mawili ni hilo hilo. Aliyeangukia mgongo hakuwa na kitu cha kumrudisha chini. Na yule ambaye tairi halimpandii, mwili wake unajua kwamba hana cha kumrudisha chini, kwa hiyo mkono unafunga mafuta wenyewe kabla akili haijaamua. Hakosi nguvu wala ujasiri, anakosa breki.

Kwa sababu hiyo nimepanga hatua kinyume na vijana wengi wanavyojifunza. Tunaanza na breki ya nyuma, tunakuja kutua, na kupanda juu kunakuwa mwisho. Ukiruka hatua za mwanzo kwa kuona zinachosha, tafadhali acha kabisa. Nakuomba hivyo kwa dhati.

## Hatari, bila kuzipunguza

Utaanguka. Sijamwona aliyejifunza bila kuanguka hata mara moja, na mimi mwenyewe kifundo changu cha mkono wa kushoto kilivunjika siku niliyojiona nimeshaiva. Kazi ya mwongozo huu ni kufanya anguko hilo litokee kwa mwendo mdogo, mahali patupu, ukiwa umevaa vizuri.

Anguko la kupinduka nyuma ndilo baya kuliko yote. Kitako kinatangulia, kisha mgongo, kisha kisogo. Hapo ndipo mfupa wa mkia, uti wa mgongo na kichwa vinapoumia. Anguko la kutua vibaya, usukani ukiwa umepinda, hukutupa mbele na kando: mtulinga, kifundo cha mkono, goti. Kuna la tatu ambalo watu hawalifikirii, nalo ni pikipiki yenyewe. Ikishakutupa huendelea mbele peke yake, kilo 190 hivi za chuma, na aliyesimama mbele yake hana la kufanya.

Kwa hiyo barabara ya umma haimo kwenye mwongozo huu. Thika Road ya Nairobi saa kumi usiku si uwanja wa mazoezi, wala Barabara ya Bagamoyo ya Dar es Salaam alfajiri. Mwenda kwa miguu anayevuka hajakubali hatari yako. Kisheria, Kenya, Tanzania na kwingineko kitendo hicho kinaangukia kwenye kosa la kuendesha kwa hatari, na ukianguka humo usitegemee kampuni ya bima ikulipe. Usimpakie mtu nyuma. Usijaribu ukiwa umekunywa au umechoka. Na kama leseni ya pikipiki hujapata, au hujaendesha kwa angalau mwaka mzima ukajua kufunga breki ya dharura bila kufikiri, muda wako haujafika.

## Vitu vya kuandaa

Pikipiki. Bora zaidi ni kuanza na ndogo, ya cc 125 hadi 250, hasa zile za njia za vumbi zenye kiti kirefu na usukani mpana. Ukiizoea ndogo, utahamia kwenye spoti ukiwa na mguu uliokwisha fundishika. Kama unayo spoti tu, cc 600 inatosha na kuzidi. Ya cc 1,000 waachie waliokwisha kujua: gia ya kwanza peke yake inaweza kukufikisha zaidi ya kilomita 100 kwa saa, na tairi linapanda kwa kosa dogo la mkono.

Breki ya nyuma iliyo hai. Kama ni ya diski, pedi ziwe na unene na mafuta ya breki yawe safi. Kama ni ya ngoma, kama zilivyo pikipiki nyingi za bodaboda, kaza nati mpaka breki ishike mapema. Rekebisha kanyagio lake ili mguu ukae juu yake bila kukunja kifundo na bila kulibonyeza.

Klachi na mnyororo. Klachi inayoteleza hainyanyui kitu. Mnyororo uliolegea unapiga kwa kishindo kila unapoachia klachi na unaweza kukatika. Pikipiki nyingi za spoti hutaka mlegeo wa kama milimita 25 hadi 35, lakini kitabu cha pikipiki yako ndicho mwamuzi.

Mafuta. Oili ya injini ifike alama ya juu. Pikipiki ikisimama kwa tairi la nyuma, oili inakimbilia nyuma ya injini na pampu inaweza kuvuta hewa. Petroli nayo iwe nusu tenki au zaidi, kwa sababu hiyo hiyo.

Vidhibiti vya kompyuta. Pikipiki mpya kubwa, kama Yamaha R1 ya kuanzia 2015, zina mfumo unaozuia tairi la mbele kupanda. Ukijifunza wili huku mfumo huo umewashwa, wenyewe utakata nguvu katikati na kukubwaga. Kwenye baadhi ya pikipiki ABS, mfumo unaozuia breki kufunga tairi, nayo inachanganyikiwa tairi moja likizunguka na jingine likisimama. Pikipiki ya zamani isiyo na mambo haya ni mwalimu mzuri zaidi.

Kamba ya kuzimia injini. Hii ni swichi yenye kamba inayofungwa mkononi. Ukitupwa, kamba inachomoka na injini inazima. Ni kitu cha bei ndogo, na ndicho kinachozuia pikipiki kukimbia peke yake.

Chuma cha nyuma. Waonyeshaji wa michezo ya pikipiki huchomelea chuma nyuma, chini ya kiti, ambacho hugusa lami kabla pikipiki haijapinduka. Fundi mzuri wa kuchomelea anakitengeneza, mradi kifungwe kwenye fremu yenyewe na si kwenye plastiki wala bomba la moshi. Kisikufanye usahau breki. Kikigusa lami kwa kasi nacho kinaweza kukutupa.

Mavazi. Helmeti inayofunika uso wote na yenye alama ya usalama ya ECE au DOT. Jaketi na suruali zenye kinga viungoni. Kinga ya mgongo yenye alama ya EN 1621-2, kiwango cha usalama cha kinga hizo. Glavu, na buti zinazopita kifundo cha mguu. Ndala na raba zibaki nyumbani.

Uwanja. Lami au zege iliyonyooka, mita 300 au zaidi, upana wa kutosha kukosea, bila kokoto, bila mteremko. Mwinuko mdogo sana unasaidia. Iwe sehemu ya binafsi na mwenyewe awe amekupa ruhusa: uwanja mkubwa wa ghala siku ya mapumziko, njia ya zamani ya ndege ndogo, uwanja wa mashindano. Nenda asubuhi kabla ya upepo.

Mtu wa pili. Awe na simu yenye salio, gari, sanduku la huduma ya kwanza, na namba ya hospitali ya karibu awe ameshaihifadhi. Mwambie mapema: ukianguka na kulala, asikuinue, asikuvue helmeti kwa haraka, isipokuwa hupumui. Asimame kando na nyuma ya pale unapoanzia, kamwe si mbele yako.

## Hatua ya 1: Funza mguu

Siku ya kwanza nzima tairi la mbele halipandi. Najua unavyojisikia ukisoma hivyo.

Weka gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Mguu wa kulia: kisigino kimekaa juu ya kikanyagio, sehemu ya mbele ya wayo iko juu ya kanyagio la breki, imegusa bila kubonyeza. Shikilia mafuta yasibadilike, kisha bonyeza breki ya nyuma kidogo mpaka usikie pikipiki inazama nyuma, uachie. Bonyeza, achia. Mara 50. Kisha mara 50 nyingine huku unaongeza mafuta kidogo unapobonyeza.

Sababu yake ni hii. Breki ya nyuma inapokamata, tairi la nyuma linazuiwa pale chini, huku uzito wote wa juu ukitaka kuendelea mbele. Pua ya pikipiki haina njia ila kurudi chini. Hilo ni kweli hata ukiwa umepanda kupita kiasi, pale ambapo kufunga mafuta peke yake hakukuokoi tena. Breki ya nyuma ndiyo ngazi yako ya kushukia.

*Tahadhari:* usizoee kuibonyeza hadi tairi lifunge na kuburuza. Mguu wa fundi unabonyeza kama anayepima kama embe limeiva.

*Umefaulu ikiwa:* mtu wa pili akipiga kelele "breki!" wakati wowote, mguu unabonyeza kabla hujafikiri, na hauhitaji kulitafuta kanyagio.

## Hatua ya 2: Jua klachi inaposhika

Pikipiki imesimama, gia ya kwanza, breki ya nyuma imeshikwa. Achia klachi kidogo kidogo mpaka usikie injini inazama na pikipiki inataka kuondoka. Hapo ndipo inaposhika. Bana kidogo tena. Rudia mpaka vidole viwili, cha shahada na cha kati, vinajua mahali hapo bila macho.

Kisha fanya ukiwa unatembea: mwendo mdogo, bana klachi kwa vidole viwili hadi ipite tu pale inaposhika, usiibane mpaka mwisho, kisha achia. Safari ya mkono wa klachi iwe fupi. Anayebana mpaka mwisho na kuachia yote kwa mpigo hapati wili ya kutawala, anapata teke.

*Umefaulu ikiwa:* unaweza kubana na kuachia mara kumi ukitembea na kichwa chako hakiyumbi mbele na nyuma.

## Hatua ya 3: Mwili ukae wapi

Kaa nyuma kidogo ya kiti, karibu na mwanzo wa kiti cha abiria. Magoti yabane tenki kwa nguvu. Mikono ilegee, viwiko vikunjwe kidogo. Kifundo cha mkono wa kulia kiwe chini, si juu.

Hilo la kifundo limewaponza watu wengi, kwa hiyo nitalieleza. Tairi likipanda, mwili unateleza nyuma na mikono inavutwa. Ukiwa umeshika usukani kifundo kikiwa juu, kuvutwa huko kunakuzungusha mkono na kuongeza mafuta, mafuta yanazidi kukurusha nyuma, nawe unazidi kuvuta. Ni duara linaloisha chini. Ukianza na kifundo chini, huna nafasi ya kuongeza mafuta kwa bahati mbaya. Na magoti yakibana tenki, mikono haina haja ya kukushikilia.

Usivute usukani kwa misuli. Hata mtu wa gym hainyanyui kilo 190 kwa mikono. Injini ndiyo inayonyanyua.

## Hatua ya 4: Kuruka kwa kiganja kimoja

Sasa ndiyo mara ya kwanza tairi linaondoka ardhini, na halitapita sentimita 20.

1. Gia ya kwanza, kilomita 15 hadi 20 kwa saa, pikipiki imenyooka, macho mbele kabisa mwisho wa uwanja. Ukiangalia dashibodi utaipoteza mizani.
2. Mguu juu ya breki. Jiambie kwa sauti: "Breki." Sisemi kwa mzaha. Sauti inakumbusha mguu.
3. Bana klachi kidogo kupita pale inaposhika. Wakati huo huo ongeza mafuta kidogo. Kwa cc 600 nyingi, mizunguko 5,000 kwa dakika inatosha kwa kuanzia.
4. Achia klachi haraka lakini kwa utulivu, mafuta yasiongezeke wala kupungua.
5. Mara tu unaposikia pua inakuwa nyepesi, gusa breki ya nyuma. Gusa hata kama tairi halijapanda. Gusa kila mara.

Kama halikupanda, jaribu tena na mizunguko 500 zaidi. Usiruke kutoka 5,000 hadi 8,000 kwa hasira. Hasira ndiyo inayopeleka watu wodi ya mifupa. Ongeza 500, jaribu mara tano, kisha ongeza 500 nyingine. Kwa pikipiki ndogo za cc 150 utahitaji mizunguko mikubwa zaidi na kuegemea nyuma zaidi, maana nguvu yake ni ndogo. Boxer, kwa mfano, haitakunyanyukia kwa mafuta peke yake. Bila klachi hakuna kitu.

*Tahadhari:* tairi likiwa juu, usiguse breki ya mbele hata kidogo. Ukiigusa, tairi linaacha kuzunguka, na likigusa lami likiwa limefungwa unaruka juu ya usukani. Siku za mwanzo ondoa kabisa vidole vya mkono wa kulia kwenye mkono wa breki ya mbele.

*Umefaulu ikiwa:* umeruka mara 30 na mara zote 30 mguu uligusa breki. Hesabu. Kama moja ilisahaulika, hesabu inaanza upya. Nimewahi kumwona kijana aliyeanza upya mara nne asubuhi moja, akarudi nyumbani bila kumaliza, na leo ndiye ninayemwamini zaidi uwanjani.

## Hatua ya 5: Kutua

Kutua vibaya kunaharibu pikipiki kuliko kupanda. Tairi likidondoka kama jiwe, sili za shokapu za mbele zinavuja, beringi za usukani zinalegea, na rimu inaweza kupinda.

Ukitaka kushuka, usibane klachi wala usifunge mafuta yote kwa mpigo. Vyote viwili vinakata nguvu ghafla na pua inadondoka. Gusa breki kidogo ili pua ianze kushuka, kisha, ikikaribia ardhi, ongeza mafuta kwa kiasi kidogo sana kama unayeweka glasi mezani. Tairi litagusa taratibu.

Usukani lazima uwe umenyooka wakati tairi linagusa. Ukiwa umepinda, hata kidogo, pikipiki inatikisa usukani kushoto na kulia kwa nguvu. Ikikutokea, usipigane nao. Legeza mikono, bana tenki kwa magoti, funga mafuta polepole, na mara nyingi utatulia wenyewe. Anayekaza mikono ndiye anayeufanya uzidi.

*Umefaulu ikiwa:* mtu wa pili, akifumba macho, hawezi kusema kwa mlio wa tairi ni lini umetua.

## Hatua ya 6: Panda kwa viganja

Sasa endelea kupanda, kiganja kimoja kwa kila siku ya mazoezi. Kanuni ni ile ile: panda hadi kimo cha leo, breki, shuka, tua. Usipande kimo kipya siku ambayo kimo cha jana bado kinakutisha.

Kimo kitakudanganya. Ukiwa umekaa juu ya pikipiki, pembe ya nyuzi 25 unaiona kama umesimama wima. Mwombe mwenzako akupige video kutoka kando. Wengi wanashangaa kuona tairi lilikuwa chini ya goti, wakati wao waliapa kwamba waliona anga. Video inaondoa hofu ya uongo na kiburi cha uongo kwa pamoja, maana wapo pia wanaojiona wako chini na wamebakiza nyuzi tano wapinduke.

Katika hatua hii utaona kitu kipya: ili tairi libaki juu, pikipiki inataka mafuta zaidi na zaidi, mwendo unapanda, na injini inafika ukomo. Ukifika ukomo wa mizunguko, nguvu inakatika na unadondoka. Hiyo ni dalili kwamba bado uko chini ya pointi ya mizani (nitaieleza hatua ya 7), unashikiliwa na nguvu ya injini tu. Ni kawaida. Shuka kabla ya ukomo.

## Hatua ya 7: Pointi ya mizani

Kuna pembe ambayo uzito wako na wa pikipiki unakaa juu kabisa ya tairi la nyuma. Kwa pikipiki nyingi za spoti ni karibu nyuzi 45 hadi 50 kutoka pale tairi lilipokuwa ardhini, kutegemea urefu wa pikipiki na mahali ulipokaa. Ukifika hapo pikipiki inakuwa nyepesi ghafla. Mafuta kidogo yanatosha, mwendo hauongezeki, na injini inanong'ona.

Kwamba jambo hili ni mizani na si nguvu, Yasuyuki Kudo wa Japani alilionyesha mwaka 1991 alipoendesha kilomita 331 kwa tairi moja bila kushusha, na pikipiki yake ilikuwa Honda TLM220R, pikipiki ndogo ya kupandia miamba.

Unapoikaribia pointi hiyo, kazi inahama kutoka mkono kwenda mguu. Pua ikizidi kwenda nyuma, gusa breki. Ikianza kushuka, ongeza mafuta chembe. Breki, mafuta, breki, mafuta, na kila mguso ni mdogo kuliko ulivyotarajia. Wanaofika hapa na mguu uliofundishwa katika hatua ya 1 huelewa ndani ya siku chache. Wasio na mguu huo hawafiki, au hufika mara moja tu.

Kuelekeza: ikivuta kushoto, sukuma goti la kulia kwenye tenki na uzito kwenye kikanyagio cha kulia. Usukani hauna kazi juu, tairi la mbele haligusi kitu.

*Tahadhari:* ukihisi umepita pointi na breki haijakurudisha, achia usukani. Usining'inie. Ondoka nyuma ya pikipiki kwa miguu, kidevu kifuani, na uiache iende, kamba itazima injini. Plastiki inanunulika.

*Umefaulu ikiwa:* unaweza kwenda mita 50 mwendo usiobadilika, ukashuka pale ulipopanga kushuka, na si pale pikipiki ilipoamua.

## Hatua ya 8: Gia ya pili

Gia ya kwanza ina hasira: mkono ukitikisika, pikipiki nzima inatikisika. Gia ya pili ni tulivu zaidi na ina nafasi ndefu kabla ya ukomo wa injini, lakini inaanza kwa kasi ya kilomita 40 hadi 50 kwa saa, na anguko la kasi hiyo si sawa na la kilomita 20. Ndiyo maana nimeiweka mwisho. Mbinu ni ile ile ya klachi. Uwanja wa mita 300 utauona mfupi, kwa hiyo weka alama mbili: hapa nanyanyua, hapa nimeshashuka. Ukipita alama ya kwanza hujanyanyua, jaribio hilo limekufa. Geuza, anza tena.

Kubadilisha gia ukiwa juu na kunyanyua ukitoka gia ya tatu siyaweki hapa. Ni mambo ya mtu aliyekaa na mwalimu ana kwa ana. Uingereza, kwa mfano, kuna shule za wili zinazotumia pikipiki zilizofungwa kifaa kinachokata nguvu tairi likipita pembe fulani. Mwenye nafasi ya kufika huko atajiokolea mifupa.

## Ukikwama

Tairi halipandi, injini inalia tu. Klachi inateleza, au unaiachia polepole mno. Nusa: harufu ya kuungua ni klachi. Ipumzishe dakika 15.

Linapanda na kudondoka papo hapo. Unafunga mafuta kwa hofu. Rudi hatua ya 1. Hapana, sikutanii, rudi.

Linapanda likielekea upande mmoja kila mara. Umekaa upande, au unavuta mkono mmoja zaidi. Angalia pia kama tairi la nyuma limekaa sawa na alama za kukazia mnyororo pande zote mbili.

Pikipiki inateleza nyuma badala ya kupanda. Kuna vumbi au mchanga, au tairi limekwisha. Badilisha mahali, si mizunguko.

Mikono inachoka ndani ya dakika 20. Unajishikilia kwa mikono. Magoti.

## Kabla hujaondoka uwanjani

Siku moja isizidi saa moja na nusu ya kujaribu. Maanguko mengi ninayoyajua yalitokea baada ya mtu kusema "moja ya mwisho."

Injini ikipoa, angalia kiwango cha oili. Pima mlegeo wa mnyororo, kwa sababu klachi huutanua haraka. Pitisha kitambaa kwenye mirija ya shokapu za mbele: kikitoka na mafuta, sili zimekwenda. Zungusha tairi la mbele likiwa juu na utazame kama rimu inacheza kando.

Mwisho, tairi la mbele likiwa bado juu, shika shokapu mbili kwa chini na uzisukume mbele na nyuma. Ukisikia "tok" kwenye shingo ya usukani, beringi zimelegea. Ipakie pikipiki kwenye gari, usiiendeshe mpaka fundi azikaze au azibadilishe.